Kosa la Kidole ni la Nani?

Twaandika habari hii kwa sababu ya hukumu tuliyoitoa sisi wenyewe pamoja na wazee wa usharika katika mwaka 2011, ambayo baadaye tuliiona kuwa haikuwa sawa. Huenda wasomaji wengine wakasema ni habari ndogo, maana ni habari ya shilingi 80,000 na ya kidole cha mwanamke mzee. Walakini swali lililomo ndani yake si dogo. Mtu akikosea katika kukitumia chombo, kosa ni la nani? Ni lake yeye aliyekishika, au ni la yule aliyekitengeneza?

Mambo yalikuwa hivi. Mama mmoja mjane alikuwa mtunza hazina wa kikundi cha akina mama. Walikuwa wameweka akiba, na mwezi ule walikusudia kununua mbegu za alizeti kwa mfanya biashara wa mjini Dodoma. Siku zile kutuma fedha kwa simu kulikuwa bado ni jambo jipya vijijini kwetu. Mama yule akapewa namba ya mfanya biashara, akaibonyeza, akaandika kiasi, akaweka namba yake ya siri, fedha zikaenda. Jioni mfanya biashara akapiga simu kuuliza mbona hajapata kitu. Ilipotazamwa ikaonekana kwamba mama aliibonyeza tarakimu moja mara mbili na kuiruka nyingine, na fedha zote zilikuwa zimekwenda kwa mtu asiyejulikana, naye alikuwa amekwisha kuzitoa na kuizima simu yake. Kampuni ilipoulizwa ilijibu kwa maneno machache tu: mteja ndiye aliyethibitisha.

Neno hilo ndilo lililotuongoza katika kikao. Tulisema: kweli, hakuiba, wala hakuna amwaziaye hivyo, lakini aliulizwa na simu kama ana hakika, naye akajibu ndiyo. Mtu mzima akijibu ndiyo, ndiyo yake imhukumu. Basi tukamwondoa katika kazi ya hazina, tukamtaka azirudishe fedha. Akauza mbuzi wawili, akalipa, wala hakusema neno. Tangu siku ile akawa anakaa nyuma kabisa kanisani, karibu na mlango. Sisi tuliona hayo, tukadhani ni haya ya mtu aliyejua kosa lake.

Miaka minane ikapita. Kijana mmoja wa usharika wetu alikuwa amepata nafasi ya kusoma Chimwaga. Wasomaji walio wazee hulijua jina la Chimwaga kwa ajili ya ule ukumbi ambao zamani Chama cha Mapinduzi kilifanyia mikutano yake mikuu. Tangu mwaka 2007 vilima vile vimekuwa vya Chuo Kikuu cha Dodoma, na mtu asimamaye huko juu akitazama uwanda wetu mkavu huona majumba ya masomo yametawanyika mbali mbali kama vijiji. Miongoni mwa ndaki zake iko moja ya elimu ya kompyuta, na huko ndiko alikokuwa kijana wetu. Alipokuja likizo tulimwuliza, kama ilivyo desturi, anajifunza nini. Akasema muhula ule walikuwa wanajifunza jinsi mtu na kompyuta wanavyoelewana. Tukacheka, tukamwambia kwamba sisi tumefanya kazi miaka mingi kuwaelewanisha mume na mke, na bado hatujamaliza.

Kisha, kwa kupiga mazungumzo tu, tukamsimulia habari ya yule mama. Kijana hakucheka. Akauliza, "Baba Mchungaji, kile kioo cha simu kilimwonyesha jina la mpokeaji?" Tukasema hapana, namba tu. "Namba yenyewe iliandikwaje, kwa mafungu au kwa mfululizo?" Tukasema kwa mfululizo, tarakimu kumi pamoja. "Na baada ya kuthibitisha, palikuwa na njia ya kurudi?" Hapakuwa na njia. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi, Baba, darasani kwetu tungesema kwamba aliyeshindwa mtihani si mama, ni ile simu."

Twakiri kwamba neno hilo lilituudhi. Tuliliona kuwa ni werevu wa wasomi, wa kumvua mtu mzigo wa matendo yake na kuuweka juu ya chuma kisicho na roho. Lakini lilikaa ndani kama mwiba, na kijana naye hakuchoka kutueleza. Akatusimulia asili ya elimu yake, nasi baadaye tukajisomea.

Katika vita kuu ya pili, iliyokwisha mwaka 1945, Wamarekani walikuwa na ndege kubwa za mabomu zilizoitwa B-17. Ilitokea mara kwa mara kwamba rubani, akisha kutua salama, na ndege ingali ikikimbia juu ya ardhi, alikunja magurudumu badala ya kukunja vile vibawa vya kupunguzia mwendo. Ndege ikaanguka kwa tumbo. Likasemwa neno lile lile tulilolisema sisi kikaoni: ni uzembe wa mtu. Ndipo mtaalamu mmoja wa elimu ya nafsi, jina lake Alphonse Chapanis, akaenda kutazama mahali rubani anapokaa. Akakuta vishikio viwili, cha magurudumu na cha vibawa, vimewekwa jirani, navyo vyafanana kama mapacha. Akashauri kimoja kitiwe kigurudumu kidogo cha mpira, na kingine kitiwe umbo la kabari, ili mkono uvitambue hata gizani. Marubani walikuwa wale wale, pamoja na uchovu wao na haraka yao, na kosa lile likaondoka. Mwaka 1947 wenzake wawili, Paul Fitts na Richard Jones, walitoa uchunguzi wa habari 460 za makosa yaliyoitwa makosa ya marubani, wakaonyesha ya kuwa mengi yalizaliwa na jinsi vishikio vilivyopangwa. Huyo Fitts, katika mwaka 1954, alionyesha kwa hesabu jambo ambalo kila mama wa Kigogo alijua bila hesabu: kumimina uwele ndani ya kinu ni kazi nyepesi, na kuumimina ndani ya chupa ni kazi nzito. Kadiri shabaha ilivyo nyembamba na ilivyo mbali, ndivyo mkono unavyohitaji muda; nao ukiharakishwa, hukosa.

Fikirini basi vitufe vya simu ndogo, na kidole kilichokomazwa na jembe miaka hamsini.

Hapo mwanzo kompyuta hazikuongea na mtu kabisa. Mara nyingi aliyezihitaji alitoboa kadi, akazipeleka, akangoja saa nyingi, kama mtu aliyepeleka barua bomani. Na kama palikuwa na kosa, alilijua baada ya kungoja. Mwaka 1963 kijana mmoja wa chuo cha MIT huko Marekani, Ivan Sutherland, alitengeneza programu iliyoitwa Sketchpad. Mtu alishika kalamu ya nuru, akagusa kioo, akachora mstari, nayo mashine ikauchora na kuunyosha pale pale mbele ya macho yake. Na tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, Douglas Engelbart alionyesha mbele ya mkutano mkubwa, pamoja na mambo mengine mengi, kile kifaa cha mkononi tunachokiita kipanya, ambacho wengine hukiita puku. Vitu hivi twaviona leo kuwa ni vya kawaida. Lakini wazo lililokuwa ndani yake ni jema sana, nalo ni kwamba mashine imjibu mtu papo hapo, hata alione kosa lake lingali dogo, apate kulitengua. Njia ya kurudi! Sisi wahubiri tulipaswa kulifahamu neno hilo kabla ya wengine, nasi ndio tuliomhukumu mama kwa chombo kisichokuwa nayo.

Tulipolirudisha shauri mbele ya wazee, mmoja wao alitupinga kwa nguvu, na hoja yake haifai kupuuzwa. Alisema: "Jembe likimkata mkulima mguu, je, tumshitaki mhunzi? Tukianza hivyo, hakuna mtu atakayekuwa na kosa tena duniani. Mlevi atasema chupa ilikuwa na mdomo mpana." Wazee wakacheka, nasi pia, maana ilisemwa vizuri. Lakini tulimjibu: jembe lenye mpini uliokazwa likimkata mtu, ni bahati yake au ni uzembe wake, jembe ambalo fundi alijua kwamba mpini umelegea, akaliuza hivyo hivyo sokoni, likiruka na kumkata mtu, twajua sote tutakwenda kwa nani. Na kama jembe hilo limewakata watu kumi kwa namna ile ile moja, je, twaweza kusema wote kumi ni wazembe? Hapo ndipo ilipo tofauti. Kosa la mtu mmoja hufanana na mtu huyo. Kosa linalorudiwa na wengi kwa namna moja hufanana na chombo.

Tena twaona ushahidi kwamba watengenezaji wakipenda waweza kuliondoa kosa. Huko Kenya, kabla huduma ya M-Pesa haijafunguliwa kwa watu wote mwezi wa Machi 2007, ilijaribiwa kwanza, kuanzia mwaka 2005, kwa ajili ya watu kulipa mikopo midogo. Wale watu waliopewa simu za majaribio wakaanza kutumiana fedha wenyewe kwa wenyewe, jambo ambalo silo lililokusudiwa. Wenye kazi wangeweza kusema kwamba watu hawa hawakufuata maagizo. Walikaa wakatazama, wakaibadili kazi yenyewe kufuata walivyofanya watu. Na baadaye likaongezwa huko jambo liitwalo Hakikisha, yaani jina la mpokeaji huonekana kitambo kidogo kabla fedha hazijaondoka, na mtumaji aweza kuzizuia. Hata kwetu majina huonekana siku hizi. Kama jina lingalionekana mwaka ule, mama angaliona jina la mtu asiyemjua, na mbuzi wake wawili wangalikuwa zizini.

Jambo la namna hii si geni kwetu. Fundi wa ilimba huku Ugogo hakati ndimi za chuma, akazipiga misumari, akamwambia mpigaji azoee. Huzisogeza, huzijaribu, husikiliza, hata vidole gumba vizipate bila kutafuta; na mara nyingi fundi na mpigaji ni mtu mmoja. Labda hiyo ndiyo siri yenyewe. Wanorwei walilitia neno hili katika kazi zao tangu miaka ya 1970, wakati Kristen Nygaard alipokaa pamoja na chama cha wafanya kazi wa chuma, ili wafanya kazi wenyewe wawe na sauti juu ya kompyuta zilizokuwa zinaletwa viwandani. Na mwezi wa Novemba 2016 wataalamu wa elimu hii katika Afrika walikutanika Nairobi kwa mara ya kwanza, maana waliona kwamba vyombo vingi tunavyovishika hufikiriwa na watu wasiowahi kuiona mikono yetu. Lugha nayo ni sehemu ya mpini. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa programu ya kuandikia iliyosema Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Wako waliobishana sana juu ya maneno yake, na kubishana huko ni kwema. Lakini mtu ambaye ameulizwa kwa lugha asiyoielewa kama anakubali, akajibu ndiyo, hakujibu kitu.

Hata hapa hatujafika mwisho wa jambo, maana urahisi nao una hatari zake. Mtu aujuaye udhaifu wa kidole aweza kukilinda. Na mtu yule yule, kwa elimu ile ile, aweza kukinasa. Mwaka 2010 Mwingereza mmoja, Harry Brignull, alianza kukusanya mifano ya vioo vilivyotengenezwa kwa kusudi la kumfanya mtu akubali asilolitaka: kitufe cha kukubali ni kikubwa na chenye rangi ya kupendeza, cha kukataa ni kidogo na kimefifia, mlango wa kuingia ni mpana, wa kutoka umefichwa nyuma ya nyumba. Nasi tumeyaona haya. Tumeketi na mume na mke waliokopa kwa simu katika dakika tatu, usiku, mtoto akiwa mgonjwa, wala hawakujua ya kuwa kwa kubonyeza mara moja waliruhusu majina yote yaliyomo katika simu yao yasomwe. Siku ya kulipa ilipopita, wakwe zao, na mwalimu wa shule, na sisi wenyewe, tukaletewa ujumbe kwamba fulani ni mdaiwa. Aibu ile karibu ilivunja nyumba yao. Mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilizipiga marufuku programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Twaishukuru serikali kwa hilo. Walakini tuone tofauti iliyopo kati ya shauri hili na lile la mama. Aliyetengeneza simu ya mwaka 2011 hakufikiri. Aliyetengeneza kitufe cha namna hii alifikiri sana. Kule ni mpini uliolegea, huku ni mtego. Nasi tuliokuwa wakali juu ya kidole cha mjane, tumekuwa wapole mno juu ya akili iliyoutega mtego huo, kwa sababu hatuioni, nayo hukaa mbali na huvaa vizuri.

Je, mtu aliyekopa hana sehemu yake? Anayo. Hatusemi kwamba mwanadamu ni jani lipeperushwalo. Aliyeonywa kwa lugha yake, kwa herufi zisomekazo, akapewa nafasi ya kurudi, naye akaendelea kwa tamaa, huyo abebe mzigo wake. Lakini ukubwa wa mzigo upimwe kwa ukubwa wa nuru aliyopewa, si kwa ukubwa wa hasara iliyotokea. Sisi tulipima kwa hasara. Na ni rahisi kupima hivyo, maana hasara huhesabika kwa shilingi.

Liko jambo jingine ambalo walimu wa mitaa wanalijua kuliko sisi. Wazee wengi, kwa hofu ya kukosea, humpa mwalimu simu pamoja na namba ya siri, wakisema, "Nitolee wewe, mwanangu." Mwalimu hufanya kwa upendo, na wengi ni waaminifu. Lakini tazameni: chombo kilichokusudiwa kumfanya mzee awe mwenye fedha zake kimemfanya amkabidhi mwingine ufunguo wa sanduku. Hatuwalaumu wazee, wala hatuwalaumu walimu. Twasema tu kwamba kila mwalimu ashikapo simu ya mzee, asimtolee upesi kwa sababu watu wangojao ni wengi. Aketi naye, amwache abonyeze mwenyewe, hata ikichukua nusu saa. Na penye ugumu unaorudiwa, aandike ugumu huo kwa maneno mepesi, aupeleke kwa wakala na kwa kampuni. Kampuni husikia zaidi barua arobaini kuliko machozi ya mtu mmoja.

Shauri lenyewe liliishaje? Wazee hawakupatana upesi. Wengine walisema fedha za kikundi zilipotea kweli, na aliyelipa amelipa, yaachwe yaliyopita. Mwisho kikundi chenyewe, si sisi, kilikubali kumrudishia nusu, yaani thamani ya mbuzi mmoja, kwa kuwa walisema wao nao walimpa kazi ile bila kumfundisha. Tukaenda nyumbani kwake, sisi na yule kijana wa Chimwaga, kumwambia kwamba tulimhukumu vibaya na kumwomba radhi. Alitusikiliza, akatuletea viti, akasema, "Baba Mchungaji, mimi nilijua kwamba namba zile zilikuwa nyingi mno kwa mstari mmoja. Lakini hamkuniuliza."

Kisha akaingia ndani, akatoka na karatasi na konzi ya karanga. Akatuonyesha jinsi anavyotuma fedha tangu mwaka ule. Namba ya mpokeaji huiandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi, tatu, tatu, na nne, akaacha nafasi katikati. Kila tarakimu aibonyezapo huweka punje moja ya karanga juu yake, ili ajue ameishia wapi hata akiitwa na mtoto. Karanga zikisha kuifunika namba yote, huziondoa moja moja huku akilinganisha na kioo, na ya mwisho ikiondoka ndipo huthibitisha. Hajakosea tena hata mara moja. Kijana alimwomba arudie, naye akarudia polepole, na kijana akatoa daftari lake akaichora ile karatasi pamoja na karanga zake, akaandika pembeni tarehe.

Mama akamwuliza anachora kwa ajili gani. Akasema, "Kwa ajili ya mwalimu wangu, Bibi." Mama akacheka, akampa zile karanga.